Hati za Mkono za Mpaka wa Marekani: Mwongozo kwa Mkusanyaji

Hati za mkono za mpaka wa Marekani ni karatasi zilizoandikwa kwa kalamu ya unyoya, hasa kati ya miaka ya 1740 na 1790, katika ukanda wa nchi uliokuwa ukisogea magharibi kila walowezi waliposonga mbele: mabonde ya mito Mohawk na Susquehanna, Pittsburgh na mto Ohio, Kentucky na Tennessee nyuma ya milima ya Appalachia, na vijiji vya Wafaransa vya Kaskaskia, Vincennes na Detroit. Oktoba 1763 Mfalme George III alitangaza kuwa walowezi wasihamie ng'ambo ya milima hiyo. Marufuku hayo hayakushikika. Waliovuka walikuwa wakulima, wawindaji, wachuuzi na askari, na wengi wao hawakuwa watu wa kalamu. Waliandika, au waliandikiwa, palipokuwa na deni la kudai au ardhi ya kumiliki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya karatasi zilizobaki si barua za mashujaa bali ni stakabadhi, hesabu, vipimo vya mashamba na viapo vya mahakamani. Mkusanyaji anayelijua hilo mapema huokoa fedha nyingi, kwa sababu soko hupandisha bei ya majina makubwa na kuziacha karatasi zenye habari nono ziuzwe kwa bei ya kawaida.

Kuchagua uwanja

Mkusanyiko usio na mipaka huishia kuwa rundo. Inafaa kuchagua wilaya moja, ngome moja, biashara moja au vita vimoja, kisha kuvijua vizuri kuliko wauzaji wenyewe. Fort Pitt na wachuuzi wake ni uwanja unaotosha maisha ya mtu. Vivyo hivyo Kentucky kabla haijawa jimbo mwaka 1792, au bonde la Mohawk, ambako Sir William Johnson alisimamia mahusiano ya Waingereza na mataifa ya Iroquois hadi alipofariki mwaka 1774.

Faida ya kwanza ya uwanja mdogo ni kujua majina ya mahali yalivyobadilika. Virginia iliunda wilaya ya Kentucky mwaka 1776, ikaigawa mwaka 1780 kuwa Fayette, Jefferson na Lincoln. Pittsburgh iligombaniwa na Virginia na Pennsylvania, na kwa miaka kadhaa palikuwa na wilaya ya Virginia iliyoitwa Yohogania, ambayo leo haipo kwenye ramani yoyote ya utawala. Ardhi yake karibu yote iko Pennsylvania. Ngome ya Fort Pitt yenyewe iliitwa Fort Dunmore kwa muda, wakati wa ugomvi huohuo. Mashariki mwa Tennessee walowezi walijitangazia jimbo la Franklin mwaka 1784, na baada ya miaka minne hivi likafa. Karatasi ya mahakama ya Franklin inaweza kuorodheshwa na dalali mzembe kama karatasi ya North Carolina, na hati ya Lincoln, Kentucky, ikaandikwa tu "Virginia, 1781". Ni katika makosa ya namna hii ya katalogi ndimo mnunuzi mwenye ujuzi hupata bahati yake.

Karatasi za ardhi

Hakuna aina ya hati iliyobaki kwa wingi mpakani kama za ardhi, na hakuna inayofundisha zaidi. Chini ya sheria ya Virginia ya mwaka 1779, shamba la Kentucky lilipita hatua nne, na kila hatua iliacha karatasi yake. Kwanza ni kibali, yaani hati inayompa mtu haki ya kiasi fulani cha ardhi bila kutaja ni wapi. Kibali kiliweza kununuliwa kwenye hazina kwa pauni 40 kwa kila ekari 100, kulipwa kwa noti zilizokuwa zikiporomoka thamani. Askari walipewa kama malipo ya utumishi. Na mlowezi aliyekwisha kukaa kabla ya mwaka 1778 aliweza kudai ekari 400, pamoja na haki ya kununua nyingine 1,000 zinazopakana nazo. Pili ni maelezo ya mahali, yaliyoandikishwa kwenye daftari la mpimaji wa wilaya. Tatu ni upimaji wenyewe. Nne ni hatimiliki yenye saini ya gavana, iliyoandikwa mara nyingi kwenye ngozi laini au karatasi nzito.

Kwa mkusanyaji, hatua ya tatu ndiyo yenye utamu. Karatasi ya upimaji wa kawaida ni ndogo, haizidi ukurasa mmoja. Juu yake pana mchoro wa shamba, mistari minne au zaidi iliyopigwa kwa rula, pengine na kijito kinachokatiza katikati kwa mkunjo wa kalamu. Chini yake maelezo hutaja nani amepimiwa, kwa kibali namba ngapi, ekari ngapi, kwenye maji ya mto upi. Kisha huanza safari ya kuzunguka mpaka: kutoka mwaloni mweupe na mti wa pili uliotiwa alama kwa shoka, kaskazini nyuzi kadhaa mashariki, poli kadhaa hadi kijitoni, na kuendelea hadi kurudi mwanzo. Poli moja ni futi 16 na nusu. Mnyororo kamili wa mpimaji ulikuwa futi 66, lakini kwenye vilima na vichaka wengi walitumia nusu yake, wa futi 33. Shamba la ekari 400 lenye umbo la mraba lina upande wa poli 253 hivi, na anayesoma akaona namba zisizokaribia hesabu hiyo hana budi kujiuliza kama mpimaji alikosea, alipendelea, au alikadiria akiwa ameketi.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna majina ya wavuta mnyororo wawili na mtu wa kutia alama miti. Hao ndio wanaosahauliwa na katalogi. Mara nyingi walikuwa vijana wa jirani, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo kumbukumbu ya pekee kuwa walikuwa mahali hapo mwaka huo. Daniel Boone alikuwa mpimaji msaidizi katika miaka ya 1780, na vipimo alivyotia saini ndiyo njia ambayo wakusanyaji wengi hupata mwandiko wake. Alitia saini jina lake likiwa na herufi "e" mwishoni. Maandishi mengi yaliyochongwa kwenye miti na kudaiwa kuwa yake hayana herufi hiyo, jambo linalotosha kutia shaka.

Nyuma ya karatasi ya ardhi kusipuuzwe. Kibali kiliuzwa na kuuzwa tena, na kila mwenye nacho aliandika nyuma yake kuwa amemhamishia fulani. Kibali kilichopita mikononi mwa watu wanne kinasimulia biashara nzima ya walanguzi wa ardhi, ambao wengi wao hawakuwahi kuuona mto Ohio.

Kwa kuwa vipimo vilipandana, kipande kimoja kikidaiwa na watu watatu, kesi zilijaa mahakamani kwa miaka mingi. Kutoka kesi hizo vilizaliwa viapo vya mashahidi: wazee walioitwa miaka 20 au 30 baadaye kueleza ni nani aliyepiga kambi kwenye chemchemi ipi mwaka 1775, na ni mti gani uliochongwa herufi zipi. Kiapo kizuri cha aina hiyo kina thamani ya kihistoria kuliko barua tatu za jenerali za kuomba unga. Bei yake, kwa bahati, bado haijalifuata hilo.

Madai ya vita

Vita vya 1754 hadi 1763 kati ya Waingereza na Wafaransa, vita vya Pontiac vilivyofuata, vita vya Lord Dunmore vya 1774, kisha Mapinduzi ya Marekani yenyewe, vyote viliacha karatasi za aina moja: orodha za wanamgambo, karatasi za mishahara, maagizo ya kila siku ya kambi, na stakabadhi za ng'ombe, mahindi, baruti, chumvi na farasi aliyepotea. Mtu aliyemtolea kapteni ng'ombe alipewa kikaratasi, na kikaratasi hicho alikitunza kama noti hadi serikali ilipe.

Mara nyingine serikali haikulipa. George Rogers Clark, kamanda wa Virginia, aliiteka Kaskaskia Julai 1778 na Vincennes Februari 1779 akiwa na kikosi kidogo, kilicholishwa kwa mkopo wa wafanyabiashara wa nchi ya Illinois na wa Oliver Pollock aliyekuwa New Orleans. Malipo yalikuwa kwa hawala juu ya hazina ya Virginia. Clark alipeleka stakabadhi zake Richmond, akasubiri, akashitakiwa na wadai, na akafa mwaka 1818 akiwa amefilisika. Mwanzoni mwa karne ya 20 maelfu ya karatasi za madai hayo yaligunduliwa kwenye jengo la serikali hukohuko Richmond, yamefungwa mafungu. Sasa yamo katika Maktaba ya Virginia. Mkusanyaji anayeuziwa stakabadhi ya kampeni ya Clark anapaswa kukumbuka kuwa kulikuwa na nakala mbili za namna hii ya karatasi: iliyobaki kwa mtoa mali, ambayo ilirithiwa na familia yake kihalali, na iliyokwenda serikalini, ambayo haikupaswa kutoka.

Nyaraka nyingi za kijeshi za serikali kuu hazipo tena: ofisi ya Wizara ya Vita iliungua Novemba 1800. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na sheria ya pensheni ya mwaka 1832, iliyowaruhusu hata wanamgambo waliotumikia miezi sita kudai. Kwa kuwa hawakuwa na vyeti, wazee hao walisimama mbele ya hakimu wa wilaya wakasimulia vita vyao. Mafaili yako katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Washington na picha zake zinapatikana kwenye intaneti. Hayauzwi, lakini ni chombo cha kwanza cha kulinganisha: jina lililo kwenye orodha ya mishahara iliyonunuliwa mnadani mara nyingi hupatikana humo, na pamoja nalo saini ya mtu huyohuyo akiwa mzee.

Wachuuzi, wamisionari na wasioandika

Daftari za wachuuzi zinaonyesha mpaka ukiwa kazini. Upande mmoja kuna blanketi, ramu, baruti, risasi, shanga na vioo. Upande wa pili ngozi za kulungu na za beva. Karatasi za kampuni ya Baynton, Wharton na Morgan ya Philadelphia, iliyopeleka bidhaa Fort Pitt na Illinois katika miaka ya 1760, ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Pennsylvania, na kurasa chache zilizochomolewa kwenye daftari za wachuuzi wadogo hutokea sokoni mara kwa mara. Daftari zima lina thamani kuliko jumla ya kurasa zake zikiuzwa mojamoja, ingawa muuzaji mwenye haraka atasema kinyume.

Si kila karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Vincennes na Detroit waliandika Kifaransa. Wajerumani wa Pennsylvania waliandika mwandiko wao wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufunzwa, na wamisionari wa Moravian waliweka shajara za Kijerumani kuhusu vijiji vya Wadelaware waliobatizwa. Hizo ni muhimu mno kwa kuelewa mauaji ya Gnadenhutten ya Machi 1782, ambapo wanamgambo wa Pennsylvania waliwaua Wadelaware Wakristo 96. Hati za Kijerumani huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu wanunuzi wengi hawazisomi. Ni fursa kwa aliye tayari kujifunza.

Wenyeji wa asili wanaonekana kwenye hati kwa njia mbili. Wengi walitia alama ya ukoo wao, kama kobe, dubu au mbwa mwitu, chini ya mikataba na hati za kuuza ardhi. Baadhi waliandika wenyewe, kama Joseph Brant wa Wamohawk, aliyesomea Connecticut na kuacha barua zake za Kiingereza. Watumwa Waafrika wanaonekana kwa njia ya kikatili zaidi: kwenye hati za mauzo, orodha za kodi na mirathi, wakitajwa kwa jina moja na bei. Karatasi hizo ni za mpaka sawasawa na za Boone, na uzao wao leo huzitafuta kwa sababu mara nyingi hakuna ushahidi mwingine. Mkusanyaji aliyenayo anafanya jambo jema akiipiga picha na kuiweka wazi.

Kusoma kilichoandikwa

Tarehe ni mtego wa kwanza. Hadi mwaka 1752 makoloni ya Waingereza yalitumia kalenda ya kale, na mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Barua ya Februari 1748/9 ni ya mwaka ambao leo huitwa 1749. Waquaker wa Pennsylvania waliandika miezi kwa namba, na kabla ya mabadiliko hayo mwezi wa kwanza ulikuwa Machi. Septemba 1752 iliruka kutoka tarehe 2 hadi 14, kwa hiyo hati inayodai kuandikwa Philadelphia tarehe 8 Septemba mwaka huo ina la kujieleza.

Fedha ni mtego wa pili. Kila koloni lilihesabu pauni, shilingi na peni kwa kiwango chake. Dola ya fedha ya Kihispania, sarafu iliyoaminiwa kila mahali, ilihesabiwa shilingi 6 Virginia, shilingi 7 na peni 6 Pennsylvania, na shilingi 8 New York. Noti za Mapinduzi ziliporomoka kiasi kwamba Machi 1780 Bunge la Muungano lilikubali kuzibadilisha 40 kwa 1. Stakabadhi inayoonyesha farasi aliyeuzwa kwa mamia ya pauni mwaka 1781 si lazima iwe ya farasi wa ajabu.

Mwandiko wenyewe huzoeleka kwa mazoezi. Herufi "s" ndefu inayofanana na "f", vifupisho vyenye herufi zilizoinuliwa juu, na tahajia ya kufuata sikio ndivyo vikwazo vikuu. Kusoma kwa sauti husaidia kuliko kamusi. Picha za bure za vipimo na hatimiliki zilizowekwa na ofisi ya ardhi ya Kentucky zinatosha kumfundisha mtu kabla hajatumia hata senti. Hati iliyonunuliwa inakiliwe neno kwa neno, makosa yake yakiachwa, na neno lisilosomeka lionyeshwe kwa mabano matupu.

Halisi na ya kughushi

Karatasi ya wakati huo ilitengenezwa kwa vitambaa vya kitani, kwa mkono, kwenye fremu ya nyaya. Ikiinuliwa mbele ya taa huonyesha mistari myembamba iliyosongamana na, kwa nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi, mistari mipana inayoikata. Pengine huonekana pia alama ya maji ya kiwanda: taji, ngao, herufi za jina la mtengenezaji. Karatasi laini isiyo na mistari ilikuwepo Uingereza tangu miaka ya 1750, lakini mpakani mwa Marekani ilikuwa adimu. Karatasi ya massa ya mbao ni ya karne ya 19. Chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, karatasi ya kale huwa hafifu, na ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi hung'aa kwa rangi ya samawati kutokana na kemikali za kuifanya nyeupe.

Wino ulichanganywa kwa nundu za mwaloni, salfeti ya chuma, maji, na gundi ya miti ya jamii ya mgunga iliyoletwa kutoka Afrika. Ulikuwa mweusi ulipokauka, kisha ukageuka kahawia kwa miaka. Kila kalamu ilipogeuka unyoya ulitanuka, mstari ukanenepa na kukonda. Ncha ya chuma, iliyoenea karne iliyofuata, huacha mikwaruzo miwili ya pembeni.

Mghushi hodari hupata karatasi ya kale kwa kung'oa kurasa tupu mwanzoni na mwishoni mwa vitabu. Hapo ndipo lenzi inapofanya kazi. Karatasi iliyozeeka imepoteza gundi yake ya juu, na wino mpya ukidondoka juu yake husambaa kama mizizi midogo. Mahali kalamu inapovuka mkunjo wa zamani, wino mpya huzama ndani ya ufa. Ule wa kale uliandikwa kabla ya ufa kuwapo, kwa hiyo mstari hukatika pamoja na karatasi. Tundu la mdudu lililoko katikati ya neno lenye kingo zilizolowa wino ni ushahidi wa kutosha wa kurudisha bidhaa.

Robert Spring, aliyefariki mwaka 1876, alitengeneza hundi na vibali vya kusafiri vya George Washington kwa wingi, kiasi kwamba kazi zake zenyewe sasa hukusanywa. Joseph Cosey, baada yake, aliiga mwandiko wa Benjamin Franklin na wa Abraham Lincoln. Mark Hofmann wa Utah, aliyewaua watu wawili kwa mabomu mwaka 1985 ili kuficha udanganyifu wake, aliwapumbaza wataalamu wakubwa; wino wake uliozeeshwa kwa kemikali ulikutwa chini ya hadubini umepasuka vipandevipande kama tope lililokauka. Washington alikuwa mpimaji kijana Virginia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1740, na vipimo vyake ni miongoni mwa vitu vya mpakani vya bei ya juu kabisa, kwa hiyo ni miongoni mwa vinavyoigwa zaidi. Stakabadhi ya unga ya mkulima asiyejulikana haina faida kwa mghushi. Huo ni usalama mwingine wa kukusanya karatasi za kawaida.

Kinachowadanganya wengi, hata hivyo, si ghushi bali nakala za kumbukumbu zilizochapwa kwenye karatasi ya manjano iliyokunjwakunjwa. Lenzi ya kawaida huzifichua: mstari hauna unene unaobadilika, na kalamu haikuacha unyevu popote.

Ni mali ya nani

Hati ya umma haipotezi umma wake kwa kukaa nje miaka mingi. Majimbo kadhaa ya Marekani hudai kurudishiwa kumbukumbu za mahakama na serikali zilizotoka ofisini, hata kwa mnunuzi aliyelipa kwa nia njema. Mfano unaojulikana sana ni nakala ya North Carolina ya Mswada wa Haki wa 1789: iliibwa Raleigh na askari wa Muungano mwaka 1865, ikapita mikono mbalimbali, na FBI ikaikamata mwaka 2003 mjini Philadelphia. Iliwahi kuuzwa kabla haijakamatwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, nyuma ya karatasi ichunguzwe. Namba ya faili la mahakama, muhuri wa maktaba, namba ya penseli iliyofutwa, au shimo la kamba ya kufungia fungu huuliza swali linalohitaji jibu la maandishi kutoka kwa muuzaji. Nakala zilizobaki kwa watu binafsi (barua zilizopokelewa, vibali visivyotumika, stakabadhi za mdai, daftari za duka) hazina tatizo hilo. Historia ya umiliki iandikwe kadiri inavyojulikana: familia ipi, mnada upi, katalogi ya mwaka gani. Lyman Draper alizunguka katikati ya karne ya 19 akihoji uzao wa waanzilishi na kuondoka na karatasi zao. Mkusanyiko wake, majuzuu karibu 500, uko Madison katika chama cha historia cha Wisconsin, na umesambazwa kwa maikrofilamu. Karatasi inayouzwa leo ikionekana pia kwenye maikrofilamu hizo, kuna kitu hakiko sawa.

Kununua

Katalogi za minada hutumia vifupisho vinavyofaa kukaririwa. ALS ni barua iliyoandikwa yote na mkono wa aliyetia saini. LS ni barua iliyoandikwa na karani na kutiwa saini tu. DS ni hati iliyotiwa saini. AD ni hati iliyoandikwa na mtu huyo bila saini. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili inaweza kuwa mara kadhaa ya bei.

Kinachopandisha bei ni jina, kisha tukio, kisha mahali, kisha hali ya karatasi. Kinachopaswa kuamua ununuzi ni mpangilio tofauti: habari iliyomo ije kwanza. Bei ya nyundo si bei ya kulipa. Ada ya mnunuzi huongeza robo au zaidi, na usafirishaji na bima huja juu yake. Muuzaji wa kuaminika hutoa dhamana ya uhalisi isiyo na ukomo wa muda, na hukubali kurudishiwa. Cheti cha uhalisi kilichotolewa na muuzaji mwenyewe ni kama neno lake tu. Saini zilizokatwa kutoka kwenye hati, mtindo wa karne ya 19, ni mabaki ya uharibifu na hazistahili nafasi kwenye mkusanyiko wowote makini.

Kutunza

Karatasi ya kitani hudumu. Wino wake ndio unaoila. Chuma na asidi vilivyomo hutoboa mistari taratibu, na unyevu huharakisha kazi hiyo. Joto lisizidi nyuzi 20 hivi, na unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 35 na 50, bila kupandapanda. Kwa anayeishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, hilo maana yake ni chumba kimoja chenye kiyoyozi kisichozimwa usiku, au kuiacha karatasi kwenye hifadhi iliyo katika nchi yenye hewa kavu na kubaki na picha yake.

Kila hati iwekwe bapa kwenye mfuko wa poliesta usio na kemikali, ndani ya jalada na sanduku lisilo na asidi. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri ni bora kuliko glavu, ambazo hukwamisha vidole na kurarua kingo. Penseli tu ndiyo iruhusiwe mezani. Utepe wa kunata, gundi ya duka na pasi ni marufuku. Nusu ya kwanza ya karne ya 20 William Barrow wa Virginia alieneza ufundi wa kubana hati kati ya tabaka za plastiki kwa joto. Maelfu zilifanyiwa hivyo, na leo wahifadhi huhangaika kuzitoa. Hati iliyobanwa inunuliwe kwa tahadhari, na kuitoa kuachiwe fundi wa uhifadhi. Barua iliyokunjwa na kukakamaa isifunguliwe kwa nguvu, na lakiri iliyobaki kwenye mkunjo isiguswe.

Hati zilizofika zikiwa fungu moja zibaki fungu moja, hata kama tatu kati yake zina thamani na saba hazina, kwa sababu zile saba mara nyingi ndizo zinazotambulisha mwandiko wa zile tatu. Jalada la kila moja liwe na nakala ya maandishi, tarehe ya kununuliwa, jina la muuzaji, bei, na historia ya umiliki. Hayo yaandikwe pia mahali pengine, pamoja na jina la hifadhi itakayopokea mkusanyiko mmiliki akifariki: kwa hati za Kentucky, chama cha historia cha Filson kilichopo Louisville, kwa za Mapinduzi na jeshi la Uingereza, maktaba ya William L. Clements mjini Ann Arbor. Kwa za wilaya, jumba la nyaraka la jimbo husika.